Mwanangu, Mwache Mondo Alipo

Mwanangu, nimekusikia, na ile picha uliyonionyesha kwenye simu nimeitazama vizuri. Mnyama ni mzuri, sikatai. Ana miguu mirefu, masikio makubwa yaliyosimama wima, na madoa meusi mwili mzima. Sisi wazee tumechoka kukataza na ninyi mmechoka kukatazwa, kwa hiyo leo nakueleza tu. Ukishanisikiliza, fedha ni zako na kiwanja ni chako.

Huyo unayemtaka ni chotara wa mondo na paka wa nyumbani. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1986 huko Pennsylvania, Marekani, kwa mfugaji aitwaye Judee Frank, baada ya dume la mondo kumpanda paka jike wa Kisiamu. Kitoto kikaitwa Savannah, na ukoo mzima ukachukua jina hilo. Mondo ni mnyama wa kwetu. Ukienda Ngorongoro utamwona amesimama kwenye majani, ametega masikio, anasikiliza panya asiyemwona. Damu hiyo imetoka Afrika, imechanganywa ng'ambo, inauzwa kwa maelfu ya dola, na wewe wa Mbezi unataka kuilipia irudi. Hilo peke yake linanichosha.

Hata kuzaliwa kwake kuna taabu. Mondo hubeba mimba zaidi ya siku 70, paka wako hubeba kama siku 65, na katika uzao wa kwanza vipo vitoto vinavyokuja njiti na kufa. Madume wa vizazi vya mwanzo ni tasa. Mwili wenyewe unakwambia kwamba hapa pameunganishwa vitu viwili visivyotafutana.

Sasa mlete nyumbani kwako. Ukuta wako una urefu gani? Chotara wa uzao wa kwanza anaruka zaidi ya mita mbili bila kukimbia kwanza. Mama Rehema wa upande wa pili anafuga kuku wa kienyeji, na wale kuku ndio ada ya shule ya watoto wake. Mnyama wako hatajua kama kuku wana mwenyewe, na huwezi kumfundisha. Atakojolea milango na mapazia kuonyesha mipaka yake, na kumhasi hakukuhakikishii kwamba ataacha. Usiku ndipo anapochangamka. Ikifika saa nane akipita juu ya bati la jirani, mrefu hivyo, mwenye madoa, nani atasema huyo ni paka wa fulani? Watasema chui. Wengine watasema la kutisha zaidi, maana mitaani kwetu bado wapo watu ambao paka mweusi tu akilia dirishani wanaokota mawe. Mnyama wako atakufa kwa marungu kabla hujavaa viatu, na hao waliomuua sitawalaumu sana, kwa kuwa hukuwauliza ulipomleta kati yao.

Utaniambia utamjengea banda la nondo na wavu. Umfungie mnyama wa kuzunguka kilomita na kilomita kwenye chumba cha hatua nne? Tangu madrasa unajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Nimeisikia habari hiyo tangu udogo wangu, na kila nikizidi kuzeeka naiona inatuhusu zaidi sisi tunaosema tunapenda wanyama.

Na chakula. Huyu si wa ugali uliochovywa mchuzi. Paka wa aina yoyote akikosa virutubisho vilivyo ndani ya nyama huharibika macho na moyo. Ukimpa steki tupu bila mifupa, kitoto kinalegea mifupa mpaka kinavunjika mguu kwa kuruka kutoka kitandani. Ni kila siku, kwa miaka 15 au zaidi. Utaoa, utahamishiwa Dodoma, utapata watoto wanaotambaa, na yeye bado yupo. Chanjo ya kichaa cha mbwa imeidhinishwa kwa paka wa nyumbani. Kwa machotara hawa haijaidhinishwa hata huko Marekani wanakotoka. Akimng'ata mtoto wa mtu, utamwambia nini mama yake?

Nawe usidhani magonjwa hayavuki kutoka kwa wafugwao kwenda kwa wa porini. Mwaka 1994 ugonjwa unaojulikana kwa mbwa uliwaua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Simba, mwanangu.

Akija mtu pale stendi ya Mbezi na kikapu, akakuuzia kitoto cha "chotara" kwa bei ya kutupa, jua kuna uwezekano mkubwa kwamba ni mtoto wa mondo aliyeibwa kwa mama yake. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 mnyamapori ni mali ya umma, na kumshika bila kibali ni kosa. Usimnunue hata kwa huruma, maana ukilipa, kesho atafuata mwingine. Watu wa TAWA, mamlaka inayosimamia wanyamapori, wapo; pori la akiba la Pande liko jirani yetu. Wapigie simu.

Halafu kuna machotara ambao hatuwanunui, tunawatengeneza wenyewe kwa uzembe. Ubungo imepanda mpaka Kibamba na Kwembe, na kila nyumba inayosogea kwenye vichaka huenda na paka wake, hajahasiwa, hajachanjwa, anajilisha mwenyewe. Paka pori ndiye mzazi wa paka wote wa nyumbani duniani. Alizifuata ghala za nafaka za Mashariki ya Kati maelfu ya miaka iliyopita, na bado anaishi sehemu nyingi za Tanzania. Wakikutana na paka wetu wanazaa, na watoto wao, hata madume, wanazaa tena, tofauti na wale wa mondo. Huko Scotland, baada ya risasi na mitego kumpunguza, paka pori wao amekaribia kwisha namna hiyo, kwa kuchanganyika na paka wa majumbani. Hapa hakuna anayelizungumza.

Kwa hiyo kama kweli moyo wako uko kwa wanyama, kazi ipo karibu. Kuna jike la kijivu nyuma ya soko la Mabibo, limezaa chini ya meza ya muuza viazi, na mwenye meza anatafuta wa kuvichukua vitoto. Chukua kimoja, au viwili wachezeane. Subiri waache kunyonya. Wachanjwe kichaa cha mbwa wakifikisha miezi mitatu, wahasiwe kabla ya joto la kwanza, walale ndani usiku. Kesho pita kwa daktari wa mifugo wa kata, muulize gharama zake, uniletee hesabu. Nusu nitalipa mimi.