Sharti la Bwana Verneuil

Claude Verneuil, wakili wa hati katika mji wa Chinon nchini Ufaransa, ana mabinti wanne. Wa kwanza kaolewa na Mwislamu mwenye asili ya Algeria, wa pili na Myahudi, wa tatu na Mchina. Noeli ikifika, mkewe Marie hupika batamzinga watatu ili kila mkwe apate anayemfaa. Wazee wamebakiwa na Laure, kitindamimba. Huyo angalau aolewe na Mkatoliki!

Laure anawaletea habari njema: mchumba wake, Charles, ni Mkatoliki. Nyumba inajaa furaha, hadi Charles Koffi anapotokea, kijana mweusi wa Ivory Coast.

Hii ni filamu Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu ? ya Philippe de Chauveron, iliyouza tiketi zaidi ya milioni 12 nchini Ufaransa mwaka 2014. Ukishacheka, litazame tena lile sharti. Wazazi waliomba Mkatoliki, wakapewa Mkatoliki, nao wakanuna kuliko walivyonuna kwa wale watatu. Kumbe dini ilikuwa pazia tu.

Wakwe watatu ndio walionishangaza zaidi. Rachid, David na Chao wamekula vijembe vya baba mkwe kwa miaka, na wao kwa wao wamerushiana maneno yaleyale. Ungedhani watamkingia kifua mwenzao. Wapi! Wanaungana kuivuruga ndoa, wakijitetea kwamba wanawahurumia wazee.

Upande wa pili kuna André, baba yake Charles, mwanajeshi mstaafu. Naye hataki Mzungu nyumbani mwake. Kinyongo chake kina chimbuko, maana ukoloni haukuwa hadithi; lakini deni la wakoloni anamdai mwanawe mwenyewe, ambaye kosa lake ni kupenda.

Baba hawa wawili wanakwenda kuvua samaki, wanalewa, wanagundua kwamba wote ni wafuasi wa de Gaulle, rais wa zamani wa Ufaransa, na urafiki unazaliwa. Hapo mtunzi kanipoteza kidogo: wanapatana kwa kuwa wanafanana, si kwa kuwa kuna aliyebadilika. Wakati huo Laure amechoka kuwasubiri. Ameikatia tamaa harusi, amepanda treni kwenda zake, na sasa wazee wawili waliokuwa wakigombania heshima ya koo zao wanalazimika kumkimbilia wakambembeleze akubali kuolewa.