Paa Zima si Nyumba Nzima

Aliye juu huona mbali. Jambo hili halina ubishi, na ndiyo maana mlinzi wa shamba hujijengea dungu. Lakini je, msomaji wangu, kuona mbali ni sawa na kujua?

Tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.0 liliipiga Haiti, karibu na mji mkuu wake, Port-au-Prince. Siku iliyofuata setilaiti ilipita juu ya mji huo na kupiga picha zenye kuonyesha hata kitu cha upana wa nusu mita. Mamia ya wataalamu wa kujitolea, kila mmoja akiwa nchini kwake, walilinganisha picha za kabla ya tetemeko na za baada yake, wakatia alama majengo yaliyoporomoka. Aidha, mashirika ya anga ya mataifa kadhaa yana mkataba, unaofanya kazi tangu mwaka 2000, wa kutoa picha za namna hii bila malipo yanapotokea maafa makubwa.

Nani atakayeidharau kazi hiyo? Barabara zimezibwa na kifusi, simu hazifanyi kazi, na aliyefukiwa hana siku nyingi za kungoja. Anayemwonyesha mwokoaji pa kuanzia amefanya wema mkubwa.

Hata hivyo, jicho hilo aghalabu huona mapaa. Nguzo za ghorofa ya chini zinaweza kuvunjika, sakafu zikalaliana kama chapati kwenye sahani, na paa likashuka likiwa zima. Atazamaye kutoka juu anaweza kuandika kwamba jengo ni salama. Nyufa za ukutani ndiyo kabisa hazioni. Huko Port-au-Prince, picha zilizopigwa baadaye kwa ndege, zenye kuonyesha hata kitu cha sentimita 15, zilifichua majengo mengi zaidi yaliyobomoka. Na Uturuki ilipopigwa na tetemeko la kipimo cha 7.8 tarehe 6 Februari 2023, zilitumika hata picha za rada, ambayo hupenya mawingu na giza. Bado wakaguzi walilazimika kwenda kwa miguu kukagua jengo moja moja.

Hapa ndipo ninapokumbuka kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu mkuu, upepo mkali uliezua nyumba kadhaa kijijini kwetu. Nilisimama kwenye kilima cha shule, nikahesabu nyumba zisizo na mapaa, nikaipelekea kamati orodha ili wenyewe wapewe mabati. Nilijiona mtu wa maana. Baada ya hapo mvulana mmoja akaanza kuchelewa na kusinzia darasani. Nikamchapa. Chuoni tulifundishwa kumtembelea mtoto kwao kabla ya kumhukumu, lakini mimi nilikwenda baada ya fimbo. Nilikuta paa zima limekaa juu ya kuta tatu. Ukuta wa nne, wa upande nisiouona kilimani, ulikuwa umelala chini, na mtoto yule alikuwa akikesha kuwalinda wadogo zake. Nilipomuuliza mama yake kwa nini hakuja kusema, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, tulisikia orodha imekwisha kupita."

Orodha yangu haikuwa na uongo hata mmoja. Dhambi yake ilikuwa kwamba niliichukulia kuwa imekamilika. "Sikuona" nililigeuza kuwa "hakuna". Na mnyonge, akiisha kuambiwa na wakubwa kwamba hakuumia, huona haya kusema kwamba ameumia.

Atakuwapo wa kuniuliza: je, tungoje hadi kila mlango ubishwe hodi, na huku watu wanakufa? La, hasha. Tuanzie pale picha inapotuonyesha, ila tusiishie hapo. Mwenye kuchora ramani aseme waziwazi mipaka ya macho yake, na mwenye kugawa misaada aziache nafasi tupu za ramani hiyo kama maswali, si kama majibu.

Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Setilaiti hailali katika nyumba ya mtu. Wala mimi pale kilimani sikulala kwa yule mama. Lakini mimi nilikuwa na miguu.