Je, Tuna Haki ya Kuwafuata Orka ili Tuwaone?

Kaskazini-magharibi mwa Marekani, pale jimbo la Washington linapopakana na Kanada, kuna bahari yenye visiwa vingi iitwayo Salish Sea. Kila kiangazi boti huondoka katika miji kama Friday Harbor na Victoria zikiwa na watu waliovaa makoti mazito wakitafuta orka. Baadhi ya boti hizo ni kubwa, lakini zinazopendwa na wengi ni zile ndogo zinazokaa chini karibu na maji, maana humo mtu humsikia mnyama akipumua. Vitabu vyetu humwita nyangumi muuaji, ingawa kwa ukoo yeye ni wa jamii ya pomboo.

Ninachouliza ni hiki: je, safari hiyo ni jambo jema, ni starehe isiyo na wema wala ubaya, au ni dhuluma? Wenzangu wengine darasani waliona kuwa hilo ni swali la matajiri wa mbali. Siafikiani nao. Sisi wa Uganda tunaishi katika nchi ambayo wageni huvuka bahari ili kumtazama sokwe mkubwa wa milimani, yaani gorila, na sehemu ya fedha zetu za kigeni hutokana na mtazamo huo.

Kwanza tuwatendee haki watazamaji. Kumtazama orka ndiko kulikomwokoa. Hadi katikati ya karne iliyopita aliogopwa, na wavuvi walimpiga risasi kwa sababu alikula samaki waliowataka wao. Mwaka 1961 serikali ya Kanada iliweka bunduki ya rashasha karibu na mlango wa bahari wa Seymour Narrows kwa ajili yake, ingawa haikufyatuliwa. Mwaka 1964 hifadhi ya samaki ya Vancouver ilituma watu wamuue orka mmoja ili atengenezewe sanamu. Walimchoma kwa chusa, hakufa, wakamvuta hadi mjini. Aliishi kwa muda usiofika miezi mitatu, na waliokwenda kumwona walikuta mnyama mpole.

Hapo upendo ukaanza, na nyuma yake biashara. Watoto wa orka walikamatwa kwa nyavu ili wakacheze mbele ya watu. Katika ghuba ya Penn Cove, mwaka 1970, alikamatwa Tokitae, ambaye aliishi katika bwawa huko Miami hadi alipokufa Agosti 2023. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Ukamataji katika maji ya Washington ulikoma mwaka 1976, na aliyetaka kumwona orka akiwa huru akalazimika kumfuata baharini. Tulianza na sanamu, tukaja kwenye bwawa, sasa tuko kwenye boti. Katika kila hatua watu walidai kwamba wanampenda, na katika kila hatua walipunguza kidogo kile walichomnyang’anya. Kwa hiyo boti ni maendeleo, wala sibishi. Ninachouliza ni kama tumefika mwisho wa kupunguza.

Orka walioko hatarini zaidi huko huitwa wakaazi wa kusini, na hawafiki 80. Hao hula samaki, hasa samoni aina ya Chinook, nao humtafuta kwa sauti: hutoa milio mifupi, kisha husikiliza mwangwi unaporudi. Ndani ya maji sauti hukimbia mara nne na zaidi kuliko hewani, na mlio wa injini hufika mbali. Watafiti waliowabandika orka hao vinasa sauti waligundua kwamba majike huelekea kuacha kuwinda boti zinaposogea karibu zaidi ya yadi 400. Ni kama mama anayejaribu kumsikia mtoto wake akiita huku amesimama kando ya mashine ya kusaga mahindi. Tofauti ni kwamba mama huyu akikosa kusikia, yeye na mtoto hulala njaa.

Mtu wa boti ndogo atajitetea: mimi ni mmoja tu, na injini yangu ni ndogo. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984, aliwaza kisa cha watesaji elfu moja. Kila mmoja wao anabonyeza kitufe kinachoongeza maumivu ya mfungwa kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho mfungwa mwenyewe hawezi kukitambua. Je, kila mmoja hana hatia? Sisi tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba tunapomhimiza mtu aweke akiba. Kibaba, hata hivyo, hakichagui kinachotiwa ndani.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi. Meli za mizigo hupiga kelele kuliko boti yoyote ya watalii, mabwawa ya umeme yamezuia samoni kupanda mito, na sumu za viwandani zimejaa katika mafuta ya miili ya orka. Mtazamaji si mshtakiwa wa kwanza. Wenye boti huongeza kwamba wao huwatahadharisha waendeshaji wengine wapunguze mwendo. Nakubali yote. Lakini nahodha wa meli hadai kuwa amekuja kwa ajili ya orka. Mtazamaji ndiye anayesema, “Nimekuja kwa sababu nampenda.” Anayedai upendo amejitwika deni ambalo mpita njia hana, na hawezi kulilipa kwa kuonyesha kidole kwa mpita njia.

Mwenzangu mmoja alileta mfano wa Bwindi. Pale mgeni hulipa mamia ya dola, huingia katika kikundi cha watu wasiozidi wanane, hukaa na gorila kwa saa moja na haruhusiwi kumkaribia sana. Fedha hizo huwalipa walinzi, na gorila wa milimani sasa wamepita 1,000. Kutazama kumewasaidia, kwa nini kusiwasaidie orka? Ni hoja nzuri. (Ingawa hata hapo tukumbuke Wabatwa, walioondolewa msituni hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991, kuna mtu aliyelipia mtazamo wetu bila kuulizwa.) Ila gorila anatishwa na mitego na ukataji wa miti, mambo ambayo mlinzi mwenye mshahara anaweza kuyazuia. Orka wa kusini anatishwa na njaa. Tiketi ya boti hailindi mto kwa namna ambavyo tiketi ya Bwindi inalinda msitu. Yenyewe kwa sehemu kubwa hununua safari, na safari hiyo ni mojawapo ya vitu vinavyomzuia kula.

Wengine husema bila kuona hakuna kupenda. Mwaka 2018 jike aitwaye Tahlequah alizaa mtoto aliyekufa punde, akambeba juu ya maji kwa siku 17. Mwanzoni mwa 2025 alifiwa tena, akambeba tena. Huzuni yake ilifika hadi kwetu, ambao wengi wetu hatujawahi kuona bahari. Tulimwona kwenye simu. Ni kweli kwamba aliyepiga picha alipaswa kuwapo, lakini alitosha mmoja; haikuhitajika kila aliyeguswa akodishe boti.

Tuna desturi ambayo naiona ni falsafa kamili ingawa haijaandikwa kama falsafa. Ukifika kwa mtu unapiga hodi. Ukipiga mara tatu bila kusikia karibu, unaondoka, hata kama umetoka mbali, hata kama umebeba zawadi. Nia njema haifungui mlango. Na Kiswahili hutofautisha kuona na kuonana: naweza kukuona peke yangu, lakini siwezi kuonana nawe pasipo wewe kushiriki. Anayemfuata orka kwa boti hutamani kuonana, husimulia akirudi kwamba walitazamana jicho kwa jicho, lakini alichofanya ni kuona. Hakupiga hodi, wala hakuna namna ya kuipiga. Basi kwa asiyeweza kujibu, umbali ndiyo hodi pekee tuliyo nayo.

Tangu Januari 2025 sheria ya Washington inazitaka boti zikae yadi 1,000 kutoka kwa orka wa kusini, yaani zaidi ya mita 900. Kutoka hapo mtu huona pezi jeusi dogo, na kuna waliolalamika kwamba hiyo si kuona. Aristotle alifundisha kwamba binadamu kwa asili hutamani kujua, na kwamba katika hisi zote tunapenda kuona zaidi. Namwamini. Ila tamaa ya asili si haki. Njaa pia ni ya asili, na haimruhusu mtu kula chakula cha jirani.

Wako orka wengine katika maji hayo, wanaowinda sili, na idadi yao inaongezeka. Boti nyingi sasa huwaendea hao. Kwao sioni dhuluma ileile, mradi injini zipunguzwe na asizungukwe anayewinda. Lakini kwa wale wa kusini, mahali pa mtazamaji ni nchi kavu. Upande wa magharibi wa kisiwa cha San Juan kuna bustani ya Lime Kiln, ambako orka wanapokuja hupita karibu na miamba, na kipaza sauti kimetegwa chini ya maji. Watu hukaa juu ya mawe wakisubiri. Siku nyingine orka hupita, siku nyingine hawapiti.

Mwenzangu wa Bwindi anasema kwamba msafiri aliyelipa nauli kubwa na mwenye siku mbili tu hawezi kukaa mwambani akingoja. Ni kweli. Anaweza kurudi kwao bila kumwona.