Sarafu Iliyokonda Mikononi mwa Watu

Bei zikipanda, wa kwanza kulaumiwa ni mwenye duka. Naomba tujihadhari na haraka hiyo, mimi nikiwemo, kwa sababu ya yaliyowapata watu wa dola ya Roma.

Mnamo mwaka 294 Kaisari Diocletian alitoa sarafu mpya ya shaba, pana, ya takriban gramu 10, yenye fedha kidogo tu ndani yake. Kabla ya miaka kumi kwisha bei zilikuwa zimepaa. Mwaka 301 akatoa amri: zaidi ya bidhaa na huduma elfu moja ziliwekewa kikomo cha bei, na atakayekivuka auawe. Lawama zote aliwatupia wafanyabiashara na uroho wao. Lactantius, aliyeishi zama hizo (naye hakumpenda Diocletian hata kidogo), anasimulia kwamba damu ilimwagika kwa vitu vya thamani ndogo, na bidhaa zikaadimika sokoni.

Dalili zilikuwepo tangu zamani. Mwaka 260, huko Oxyrhynchus, Misri, wavunja fedha walifunga milango wasipokee sarafu za makaisari. Mkuu wa wilaya akawaamuru wafungue na wapokee. Ubora wa sarafu ukazidi kushuka.

Dalili nyingine ilichorwa kwenye sarafu yenyewe. Wakati wa Kaisari Constantine kulikuwa na sarafu ndogo yenye picha ya askari wawili, na katikati yao bendera mbili za vita. Ilipofika karibu mwaka 335 sarafu ilikuwa imekonda, kwa kawaida haifiki hata gramu 2, nafasi ikawa finyu. Askari wakabaki wawili, bendera ikawa moja. Nani kati yetu angeligundua? Tukipewa chenji tunahesabu, hatupimi uzito.

Waliokuwa karibu na serikali walijua mapema. Barua moja ya mafunjo kutoka Misri imesalia: afisa aitwaye Dionysius amesikia kwamba thamani ya sarafu itapunguzwa nusu, naye anamhimiza mtu aitwaye Apion azitumie zote upesi kununulia bidhaa, kwa bei yoyote. Mkulima angeandikiwa na nani?

Ndugu msomaji, iangalie kwanza pesa iliyo mkononi mwako, ndipo umgeukie muuzaji. Matajiri wa Roma waliweka dhahabu, na sarafu ya dhahabu ya Constantine ilishika thamani yake kwa karibu miaka 700. Maskini waliachiwa shaba.