Chakula Kinachoisha

Migahawa ya Dar es Salaam naigawa mafungu mawili: ile ambayo chakula chake kinaisha na ile ambayo chakula chake hakiishi. Mimi ni mteja wa ile ya kwanza. Ile ya pili siichukii, nayo ina siku zake: mgeni kafika ghafla saa nne usiku, au kikao kimerefuka na kila mtu anataka chake. Lakini raha ya kula katika jiji hili, kwa maoni yangu, iko kwenye sufuria ambalo saa tisa alasiri limeshaoshwa na kufudikizwa.

Tazama tunavyokula kwenye migahawa ya fungu la pili. Unakaribishwa kiti, unaletewa kitabu kinene chenye picha za rangi. Unaagiza samaki wa kupaka. Mhudumu anakwenda jikoni, anarudi: "Samaki kwa leo hatuna, kaka." Haya, makange ya kuku? Anakwenda tena, anarudi tena. Mtori je? Huo ni wa asubuhi. Mwishowe unauliza lile swali ambalo kila mkazi wa mji huu amewahi kuliuliza: "Kwani kuna nini?" Naye kwa upole mkubwa anakujibu kwamba kuna chipsi kuku. Kumbe kile kitabu kilikuwa orodha ya mambo ambayo mwenye mgahawa angependa kuyapika siku moja, Mungu akijalia.

Kwa mama lishe hakuna kitabu. Unafunuliwa sufuria, unaona kwa macho yako.

"Mama, wali samaki upo?"

"Umeisha, mwanangu. Kuna ugali mchicha, na maharage yamebaki kidogo."

Maneno yamekwisha, unajua pa kushika. Wali ule ulikuwepo kweli, waliowahi wameula, na kesho utapikwa tena. Sijawahi kumnunia mtu aliyenijibu hivyo, hata siku ambayo harufu ya nazi bado imetanda pale bandani na jirani yangu kwenye benchi anachambua miiba ya kibua wa mwisho.

Lakini kwa nini kiishe? Kwa nini asipike kingi zaidi, auze mpaka usiku? Jibu la kwanza ni la mfukoni. Mtaji wa mama lishe ni wa kutwa: mauzo ya leo ndiyo mchele wa kesho. Friji hana, na kikibaki chakula kitaliwa nyumbani kwake au kitamwagwa. Kikimwagwa, kimemwagika pamoja na mtaji. Kwa hiyo kabla ya kubandika anahesabu watu. Mafundi wa gereji ya pale kona. Vijana wanaoshusha mizigo. Dada wa duka la vitenge ambaye hupelekewa sahani yake imefunikwa. Karani mmoja asiyetaka pilipili. Jengo la jirani likianza kupanda, kilo zinaongezwa. Mafundi wakihamia kwingine, zinapunguzwa. Mishahara ikitoka watu wanaulizia nyama, na katikati ya mwezi wote tunarudi kwenye maharage bila kuambizana. Hayo yote anayo kichwani, na hajakosea sana siku nyingi, maana angekosea sana asingekuwepo.

Jibu la pili ni la baharini. Samaki wa mchana ule alinadiwa Feri asubuhi, na mnada wa Feri haupangwi na mpishi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa hazina nguvu ya kuwavuta, na bandani unaambiwa leo hakuna dagaa. Upepo wa kusi ukichachamaa, mashua ndogo hazitoki, na changu aliyekuwa wa bei ya fundi anakuwa wa bei ya meneja. Pweza naye ana kalenda yake. Wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana, miamba hubaki wazi na watu huenda kwa miguu kumchokoa kwenye mashimo yake. Kuna vijiji vya pwani ya Kilwa ambavyo hukubaliana kuifunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, ndipo waifungue tena. Wenyewe wameamua kwamba kuna miezi ya kula na miezi ya kungoja. Mtu anayekula kikombe cha supu ya pweza barabarani Magomeni jioni, vipande vimechomwa kijiti na kuchovywa kwenye pilipili ya ndimu, anakula pia subira ya watu asiowajua.

Ukishakubali kwamba chakula kina saa yake, jiji lenyewe linakupangia siku. Alfajiri ni ya vitumbua na maandazi, na ya supu: kongoro au utumbo, ndimu imekatwa kando, chapati mbili. Supu ni ya mapema. Ukifika saa tano unakuta muuzaji anasugua sufuria na wenzako wameshashiba zamani. Mchana ni wa wali na ugali, na pale Kariakoo utawaona wasichana wanapita katikati ya mikokoteni na bodaboda wakiwa na masinia ya sahani zilizofunikwa, wakijua nani kaagiza nini kwenye kila mlango. Alasiri mimi hupenda kuvuta mguu mpaka Kisutu, kwenye vibanda vya zamani vya familia za Kihindi, ambako kababu, katlesi na bajia za dengu huletwa mezani pamoja na bakuli la chatini ya nazi. Unakula, kisha unasema mwenyewe umekula ngapi, na unaaminiwa. Jumapili kuna mihogo ya kukaanga Coco Beach, mchanga miguuni, kachumbari inachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Halafu jioni huja mzee wa kahawa. Birika lake limekaa juu ya makaa, vikombe havina mikono, kashata ziko kwenye kibakuli. Kahawa yake ni chungu, na vijiweni haiji bila mabishano ya Simba na Yanga. Birika likiwa jepesi anaondoka, hata kama mabishano hayajafika mwisho. Wa mwisho kabisa ni kijana wa chipsi, na hapo lazima niwe mkweli: kanuni yangu inaishia kwenye kabati lake la kioo. Zege lake, yaani chipsi mayai, lipo mpaka usiku wa manane, na wengi tumeokolewa nalo.

Lakini hakuna mahali ninapoiona kanuni hii vizuri kama Ramadhani. Kabla ya magharibi, kandokando ya mitaa ya Ilala na Temeke, meza zinajaa magimbi na mihogo ya nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Umati unasukumana, wafungao na wasiofunga. Adhana ikilia, mtaa unabaki mtupu na meza nazo zimebaki tupu. Kila muuzaji alijua kwamba ana saa moja tu ya kuuza, na kila mnunuzi alijua kwamba akichelewa hana wa kumlaumu.

Najua nitajibiwa kwamba naremba umaskini. Kwamba mama yule hapiki kidogo kwa busara. Anapika kidogo kwa sababu hana mtaji, na ukimpa friji leo ataimba. Ni kweli, na naomba apewe. Anaamka saa kumi usiku, macho yake yamekula moshi wa mkaa miaka yote, na akikwama anaangukia mikopo ile ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Sheria imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kukopesha makundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo zingefika kwenye mabanda mengi zaidi, kausha damu wangekosa kazi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nitafurahi kumwona mama lishe wangu akipikia gesi. Sidhani kama wali wake utaharibika kwa kukosa moshi.

Ninachotaka kisipotee ni ile hesabu ya watu. Mgahawa ambao chakula hakiishi haukuhesabu. Hauna haja ya kujua kama utakuja au hutakuja, umejaza friza na unangoja yeyote. Mama lishe amekuhesabu. Alipopima mchele usiku ule, kibaba kimoja kilikuwa chako, ijapokuwa jina lako halijui na anakuita tu "baba wa shati jeupe". Mjini humu, ambako mtu anaweza kukaa nyumba moja na mwenzake mwaka mzima wakisalimiana kwa honi, kuhesabiwa na mtu si jambo dogo.

Na ukihesabiwa, unadaiwa. Hapa ndipo linapoingia lile neno la wateja wa kudumu: "Niwekee." Niwekee kichwa cha changu. Niwekee wali, nina mtu benki, nitafika saa nane. Anafunika sahani, anaisogeza pembeni, na wateja wengine wanaoulizia wanaambiwa kimeisha ilhali sahani ile wanaiona. Hakuchukua pesa ya rehani wala namba ya simu. Amechukua kauli yako. Na sisi wa Dar tunajijua kwa kauli: mtu yuko kitandani anasema yuko Ubungo, anakuja; mwaliko wa saa nane unafikiwa saa kumi na mtu haombi radhi, anasingizia foleni. Pengine tumezoea hivyo kwa sababu mara nyingi hatuoni nani anaumia tukichelewa. Kwa mama lishe anayeumia anaonekana, na hasara yake unaweza kuitaja kwa shilingi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kula mahali ukaambiwa kimeisha, usisonye. Uliza kesho kinaiva saa ngapi, kisha uwahi. Ukizoeana na mpishi usione haya kusema niwekee. Lakini ukisema, nenda. Ikishindikana, piga simu kabla watu hawajatawanyika ili mwingine apewe. Na kama hata hilo limekupita, hela ya sahani ile mtumie kwa simu jioni hiyohiyo, hata kama hukuionja.