F ya hesabu haimwachi mtu

Wiki iliyopita nilipita steshenari moja hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu, kutoa nakala ya hati ya kiwanja. Msimu wa maombi ya vyuo ukifika, steshenari hutoki upesi. Benchi limejaa vijana na wazazi wao, kila mmoja kapakata bahasha ya kaki, na kijana wa kompyuta anawahudumia mmoja mmoja: taja namba ya mtihani, taja mwaka, ngoja.

Mbele yangu alikuwa binti wa jirani yetu wa zamani. Ni tabibu katika kituo cha afya nje kidogo ya mji. Stashahada yake ya utabibu ina GPA ya 3.8, na kazini ana miaka kadhaa. Safari hii alikuwa anaomba kusomea udaktari. Kijana akaingiza namba ya kidato cha nne, akaingiza na ya stashahada, akabonyeza.

"Dada, imegoma. Hesabu una F."

"Najua. Lakini si nina diploma?"

"Inataka D. Hata mwenye diploma."

Akavipanga vyeti vyake kimoja kimoja ndani ya bahasha, akalipa, akageuka akaniona. "Shikamoo baba." Sauti ya kawaida kabisa, utadhani alikuja kununua kalamu. Mimi ndiye niliyetoka pale na kinyongo, na hadi naandika haya hakijanitoka.

Kwa asiyefuatilia mambo haya: wa kidato cha sita anayetaka udaktari huulizwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na zote tatu awe amezifaulu kwa kiwango cha prinsipo. Anayetokea kwenye stashahada ya utabibu huulizwa GPA, kisha anarudishwa hadi kidato cha nne: awe na angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Kuingia kwenye stashahada hesabu haikumzuia. Alisoma, akafaulu, akaajiriwa, akatibu watu, na F yake ikamkuta steshenari.

Nawajua wasomaji wangu, kuna ambaye tayari amekunja uso. "Unataka tushushe viwango? D ya kidato cha nne inaanzia alama 30. Mtu aliyekosa 30 kati ya 100, ndiye akampasue mwanangu?"

Swali la haki. Hebu twende naye huyo tabibu kwenye zamu ya usiku. Analetewa mtoto wa kilo 14 mwenye malaria kali. Sindano ni ya artesuneti, na kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 dozi ni miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa hiyo ni 42. Kichupa kina miligramu 60 za unga. Inabidi uyeyushwe kwanza, uongezewe maji ya chumvi, ndipo apige hesabu ni mililita ngapi avute kwenye bomba. Mama wa mtoto amesimama pale pale anamtazama mikono. Hesabu ya uwiano hiyo, tena bila kalamu, na binti huyu anaifanya karibu kila zamu nchi nzima ikiwa imelala. Mbona hatujawahi kumzuia mlangoni mwa wodi tukamwuliza cheti cha kidato cha nne?

Sasa ile F ilipima nini? Nilimwuliza tukiwa tumesimama nje. Alisoma shule ya kata. Mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja, akahama wao wakiwa kidato cha pili, na wa kuziba pengo hakuletwa hadi walipokuwa wanakaribia mtihani. Wala si yeye peke yake. Mwaka 2023, waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Robo tatu ya watoto wa taifa zima hawawezi wote kuwa vilaza.

Halafu kuna hili tusilopenda kulisema mbele ya watoto. Divisheni huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mwanafunzi. Mtoto anaweza kuitupa hesabu, divisheni ikatoka nzuri, nyumbani wakachinja jogoo. Walimu wanalijua hilo, na wako wanaowaambia wazi: hiyo achana nayo, komaa na nyingine. Ushauri huo unaipa shule wastani mzuri mwaka ule. Deni anabaki nalo mtoto. Aliyejificha kwenye mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, akidhani amekimbia namba hukutana nayo tena kidato cha tano, imebadilishwa jina, inaitwa BAM, hesabu ya lazima kwa mchepuo huo.

"Basi si akarisiti?" Naam, anaweza. Mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja, Novemba. Ila dirisha la mwaka huu limeshafungwa. Atajisajili mwakani, atafanya Novemba, majibu yatatoka Januari inayofuata, na maombi ya vyuo ni katikati ya mwaka huo. Ni karibu miaka miwili, huku akitoka zamu asubuhi na kukimbilia tuisheni, kwenye chumba kimoja na watoto ambao juzi aliwaandikia dawa. Aibu hiyo mimi siidharau. Nadhani imewazuia wengi kuliko hata hesabu yenyewe.

Sitaki D ifutwe. Daktari lazima ajue namba, na anayesema vinginevyo hajawahi kuona dozi ikikosewa. Ninachouliza ni kwa nini mahali pekee pa kuithibitisha pawe mtihani ule ule wa utotoni. Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi kwa ambao matokeo yao ya kidato cha sita hayakutosha kuingia shahada. Wanasoma, wanapimwa upya, wakifaulu wanaendelea. Kumbe mtu kupimwa upya chuoni si jambo geni nchini. Mwenye stashahada na uzoefu wa wodini awekewe mtihani wa Hisabati mlangoni mwa chuo, mgumu kuliko wa kidato cha nne ikibidi. Akishindwa, arudi kituoni kwake na tusisikie lawama. Akishinda, ile F ife.

Wanaoandika miongozo ya udahili wanaweza kuliingiza hilo kwa aya moja. Ila wewe tabibu mwenye F usikae ukiwangoja. Mwakani dirisha la watahiniwa wa kujitegemea likifunguliwa, jisajili siku za mwanzo kabisa, tafuta mwalimu anayeweza kukufundisha kwa saa za zamu yako, na hao watoto wakikushangaa kwenye chumba cha mtihani, waache washangae. Unazozitafuta ni alama 30.