Sharubati ya Tango Mbele ya Imam Ghazali

Nilikuwa nikidhani kuwa lawama za juisi ya futari zinatuhusu sisi Waislamu peke yetu. Jirani yangu, katekista mstaafu ambaye ukuta wa ua wake ndio wa ua wangu hapa Ngamiani, Tanga, alinitoa katika dhana hiyo. Alinijia siku moja na kitabu cha hotuba za Mtakatifu Augustino, kidole chake kikiwa kimeshika ukurasa wa mahubiri ya Kwaresima. Augustino alikuwa askofu wa Hippo, mji wa pwani katika nchi tunayoiita leo Algeria, na alifariki mwaka 430. Anawasema Wakristo ambao mfungo ukiingia huacha divai, kisha huhangaika kutafuta vinywaji vigeni, wakakamua matunda ya kila aina mpaka wakapata kitu kitamu kuliko ile divai waliyojinyima. Kwaresima kwao, anasema, imegeuka nafasi ya kujipatia anasa mpya.

"Mwalimu," akaniambia jirani, "huyu baba kakuona tangu Hippo, wewe na blenda yako."

Nilicheka. Baada ya Tarawehe nikateremsha rafuni juzuu ya Ihyaa Ulumid-Din yenye kitabu cha siri za saumu, nikijua ninachokwenda kukikuta. Imam Ghazali, mtu wa Tus huko Khurasani, alifariki mwaka 1111, karne karibu saba baada ya Augustino, na malalamiko yake ni yale yale: watu huweka akiba ya vyakula kwa ajili ya Ramadhani, wakala ndani ya mwezi mmoja vitu wasivyovila miezi mingine yote. Ila Ghazali hakuishia kwenye kulalamika, alifafanua namna jambo lenyewe linavyotokea. Tumbo likizuiwa mchana kutwa hamu hupanda. Likija kupewa vitamu mpaka likakinai, raha yake huwa kubwa kuliko kawaida, na matamanio yaliyokuwa yamelala huamka na nguvu mpya. Mtu wa namna hiyo angekula zake kama siku zote asingejidhuru kiasi hicho. Amefunga ili amdhoofishe adui, na jioni akamnenepesha.

Basi askofu wa Afrika na mwanachuoni wa Uajemi, ambao wasingekubaliana juu ya mambo mengi mno, wamekubaliana juu ya jagi langu. Mtu aliyefundisha sayansi kimu maisha yake yote hawezi kunyamazia hilo.

Niseme kwanza jagi lenyewe lina nini. Matango matatu ya kadiri, tende kumi na mbili, ndimu mbili, kipande cha tangawizi kama dole gumba, na nusu lita ya maji ya baridi. Siku za neema naongeza karoti moja ya Lushoto, au chungwa la Muheza lililomenywa mpaka ule utando mweupe. Sukari siweki. Tende naziloweka baada ya sala ya Adhuhuri ili zilainike, na kokwa nazitoa kwa vidole, moja moja nikihesabu, maana kokwa moja ikisahaulika ndani ya blenda utaisikia, na kisu nacho kitaisikia. Maji hutangulia, hufuata karoti na tangawizi, kisha tende, na tango mwisho, kwa kuwa tango ni maji yaliyovaa ngozi na halihitaji kusagwa sana. Ukilisaga mno linajaa povu, na baada ya dakika kumi jagi linagawanyika, maji chini na nyama juu. Sichuji. Anayechuja anatupa nyuzinyuzi anabaki na maji matamu, na kwa mtu ambaye tumbo lake halijapokea kitu tangu daku, maji matamu matupu ni kumkurupusha.

Wapishi wote wa Ramadhani wanalijua jambo moja ambalo Ghazali hakulitaja, au pengine hakulijua kwa kuwa hakukaa jikoni: kinywaji hiki nakitengeneza bila kukionja. Saa kumi na moja jioni koo langu ni kavu kama la mtu mwingine yeyote mtaani, na mikono yangu imejaa harufu ya tangawizi na ndimu. Utamu naupima kwa macho, kwa ule wekundu wa kahawia ambao tende humpa tango. Ukali wa tangawizi naupima kwa pua. Kazi ya namna hii ina adabu yake. Kitu kizuri kinapita mikononi mwako, unakitengeneza kiwe kizuri zaidi, nawe huna haki nacho bado. Sijaona ibada nyingine inayomweka mtu karibu hivyo na starehe huku akiiangalia kama mali ya wenzake.

Kuna tango chungu, lakini. Tango huweka uchungu wake upande wa kikonyo na chini ya ngozi, na moja tu likipenya linaharibu jagi zima. Akina mama wa kwetu hukata ncha na kuisugulia pale ilipokatwa mpaka povu litoke, wakiamini uchungu umetoka nalo. Mimi nakata ncha nene zaidi na naitupa. Nikibaki na shaka, hapo sheria imenipa upenyo. Imepokewa kwa Ibn Abbas kuwa hapana ubaya aliyefunga kuonja chungu au kitu anachotaka kukinunua, na mafakihi wakaliwekea jambo hilo masharti: iwepo haja, na kisipite kooni kitu. Kwa hiyo nagusisha ncha ya ulimi, natema, nasukutua. Sekunde ile ndiyo inayonifundisha zaidi juu ya kufunga kuliko mawaidha mengi ya redioni. Ulimi unataka kitu kimoja, nia inataka kingine, na vyote viwili ni mimi.

Sasa nijitetee. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abdullah bin Jaafar, kuwa alimwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akila tango pamoja na tende mbivu. Abu Daud naye amepokea kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume alikuwa akila tikiti na tende mbivu, akieleza kuwa joto la hiki huvunjwa na ubaridi wa kile. Ninapoviweka viwili hivyo ndani ya blenda sijabuni kitu. Nimekitia umeme tu. Na angalia sababu iliyotolewa. Hakusema vinapendeza pamoja, ingawa vinapendeza. Alitaja mizani: tende ina joto, tunda la maji lina ubaridi, kila kimoja kinamrudisha mwenzake kwenye kiasi. Utamu umo ndani, na hakuna aliyeuonea haya.

Kuchanganya kwenyewe kumewahi kuwa mas'ala mazito, nalo hili wachache wanaopiga juisi wanalijua. Zamani zile tende au zabibu zilikuwa zikilowekwa asubuhi maji yake yakanywewa jioni, au zikalowekwa jioni yakanywewa asubuhi. Kinywaji hicho, nabidhi, Mtume alikinywa. Hata hivyo zimekuja hadithi sahihi zinazokataza kuloweka tende na zabibu pamoja katika chombo kimoja. Wanavyuoni wengi wakaeleza kuwa mchanganyiko ule huchacha haraka, ukaanza kulevya kabla ladha haijamwonya mtu. Wahanafi hawakuona tabu. Sisi Mashafii, kwa alivyoeleza Imam Nawawi, tunasema ni makuruhu mradi haijafikia kulevya. Mimi naisoma hukumu hiyo nikiwa na kipimajoto cha Tanga kichwani. Mwezi wa tatu hapa, bakuli la tende lililosahauliwa juu ya meza usiku kucha hutoa viputo asubuhi. Ndiyo maana naziloweka Adhuhuri wala si daku. Na ndiyo maana umeme ukikatika na friji likazimika, kilichobaki kwenye jagi hakilali.

Huo ni utetezi wa kisheria, nami najua haujamjibu Ghazali. Hakusema sharubati ni haramu. Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, imeruhusu kula na kunywa na ikakataza kupita kiasi, na aya inayofuata inamhoji anayeharamisha vizuri ambavyo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Ghazali alikuwa anauliza jambo la ndani zaidi: mtu anayefikiria jagi tangu saa saba mchana, je, amefunga, au ameahirisha tu?

Jibu langu nimelipata kwenye mpangilio wa jioni. Nyumbani kwangu jagi haliji pamoja na adhana. Inapoadhiniwa tunakula tende na maji, kama ilivyo sunna: tende mbivu, zikikosekana kavu, zikikosekana mafunda ya maji. Halafu tunasali Magharibi. Jagi linatoka kwenye friji baada ya sala. Nilianza hivyo kwa sababu za tumbo, kama mwalimu wa lishe, lakini kilichotokea ni cha kifalsafa. Kiu ya kweli, ile ya koo na mishipa, inakwisha kwa bilauri moja ya maji. Ukirudi kutoka kwenye mswala huna tena udhuru wa kiu. Ukinyoosha mkono kwenye sharubati, unanyoosha kwa kuwa unaipenda, na unajua hivyo. Starehe imesimama peke yake, imevuliwa kanzu ya dharura iliyokuwa imejifunika.

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na wazee wangu wawili. Nadhani hatari waliyoiona ilikuwa udanganyifu: divai iliyovishwa jina la mfungo, matamanio yaliyojificha nyuma ya kiu. Starehe inayojitaja kwa jina lake ni mtu mwingine. Unaweza kuzungumza nayo. Unaweza kuiambia bilauri moja inatosha, nayo ikasikia, kwa sababu haitetei uhai wako, inaomba tu. Mtu mwenye kiu hasikii hesabu. Jagi likiwekwa mbele yake wakati wa adhana atakunywa bilauri tatu, kisha atalala kwenye Tarawehe, na Ghazali atakuwa amesema kweli juu yake.

Iko pia ile hadithi ya furaha mbili za aliyefunga, moja anapofuturu na nyingine atakapokutana na Mola wake. Ibn Hajar, katika sherehe yake ya Bukhari, ananukuu maelezo mawili ya hiyo furaha ya kwanza: yaweza kuwa furaha ya kimaumbile, kwamba njaa na kiu zimeondoka, au ni furaha kwamba ibada imetimia. Wahadhiri wetu hupenda la pili, linasikika la heshima. Mimi nalipenda la kwanza, na nalipenda zaidi kwa sababu limewekwa sentensi moja na kukutana na Mungu bila kuombewa radhi. Mwili uliochoka umepewa nafasi yake mbele ya jambo kubwa kuliko yote.

Lipo linalonisumbua kuliko hayo yote, nalo halimo blendani. Limo sokoni Mgandini. Ramadhani ikikaribia bei ya tango, ndimu na tende hupanda, na wanaopandisha ni sisi tunaonunua kwa wingi ili tufunge vizuri. Kwa hiyo tango langu la tatu linamgusa mtu nisiyemjua, ambaye amefunga kama mimi na atafuturu uji mtupu. Hadithi ya Tirmidhi inasema anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira kama wake, pasipo mwenye kufunga kupunguziwa chochote. Huwa naisoma kama deni, si kama bonasi. Jagi langu lina bilauri sita na nyumbani tupo wanne, na hizo mbili zina wenyewe mtaani. Je, inatosha? Haitoshi. Ingekuwa bora ninunue matango mawili, na miaka mingine nimefanya hivyo, kinywaji kikawa chepesi na wajukuu wakanung'unika.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima ziliingia zikifuatana kwa siku chache, tukafunga pande zote mbili za ukuta. Jirani yangu alikuwa amejinyima vitu vitamu mpaka Pasaka. Nilimpelekea bilauri, nikamwambia haina sukari hata chembe. Akaitazama rangi yake.

"Na tende je?"

"Tende ni tunda, dada."

"Augustino alisema matunda."

Tulibishana pale mlangoni muda mrefu, yeye akisema sukari ni sukari hata ikija na kokwa yake, mimi nikimkumbusha kuwa kanisa lake lenyewe haliihesabu Jumapili kuwa siku ya kufunga. Akasema huo ndio mlango wa nyuma ambao wazee waliuona. Nikamwambia mlango ukiwa na ruhusa ya askofu si wa nyuma. Bilauri ikanywewa na mjukuu wake.

Jumapili alikuja mwenyewe, saa moja usiku, na kikombe chake mkononi. Alitaka iliyochujwa, tukaanza ubishi mwingine.